Njia ya uke kubana baada ya mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi

Pole sana mdogo wangu. Umesema umemaliza mionzi mwezi uliopita, ila kupimwa tu kliniki umelia kwa maumivu na mumeo hakusogelei tena. Mimi nilitibiwa Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar, mionzi ya nje na ile ya ndani, nakuelewa kabisa.

Yani mionzi ikiua saratani na ngozi ya uke nayo inaungua, ikipona inaweka makovu, kuta zinakauka zinaanza kushikana taratibu, afu kama ulikuwa bado unaona siku zako ovari nazo zinazima, unaingia ukomo wa hedhi ghafla, majoto usiku, ukavu juu ya ukavu. Na pakishabana kupafungua tena ni kazi kwelikweli ndo maana nakwambia usisubiri maumivu yaishe yenyewe.

Muulize nesi wa mionzi waziwazi kuhusu dailata, usione aibu. Ni vifimbo laini vya plastiki au silikoni vya kuingiza ukeni ili njia isishikane, kuna vyembamba mpaka vinene, unaanza na chembamba. Kwa kawaida inaanzwa kati ya wiki ya 2 na ya 8 baada ya mionzi, daktari akisharuhusu. Unalala chali umekunja magoti, unapaka jeli ya kulainisha ya kutosha, ile ya asili ya maji, unavuta pumzi, ukiwa unaitoa ndo unaingiza polepole, misuli ikikaza unatulia hapohapo unapumua tena, usilazimishe. Dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa wiki. Hata asiye na mume afanye, maana daktari lazima aweze kukupima vizuri kila ukirudi kliniki.

Matone ya damu kidogo ukishatumia dailata yasikutishe. Ila ikitoka nyingi, au ukaona damu kwenye mkojo au choo, wahi hospitali usingoje tarehe. Na zile dawa za kubana na kujisafisha ndani wanazouza Insta usiguse jamani, hapo pana kidonda!

Baba watoto nenda naye kliniki. Wangu alikuwa analala ukingoni kabisa mwa kitanda, kumbe anaogopa kuniumiza, na kuna mtu kamwambia saratani inaambukiza kwa tendo. Daktari akamweleza mbele yangu kwamba saratani haiambukizi na mionzi haijabaki mwilini, tukaanza upya taratibu, jeli ipo pembeni, nikisema basi anaacha. Siku hiyo hiyo uliza na krimu ya homoni ya kupaka ukeni kama inakufaa, kuna saratani nyingine haziruhusu.