Maswali ya Wasomaji: Kichaka chenye ua la rangi mbili

SWALI: Ndugu Mhariri, katika shamba letu lililolala pembeni mwa miombo, wilayani Urambo, pameota kichaka chenye miiba kilichokwisha kupita kimo cha mtu. Majani yake ni madogo madogo kama ya mgunga, lakini ua lake linaning'inia na lina rangi mbili. Je, ni mgunga wa aina gani, na tukiukata utakwisha? – Msomaji, Tabora

JIBU: Ndugu msomaji, huo si mgunga bali ni mkulagembe, ambao wataalamu wa mimea huuita Dichrostachys cinerea, nao ni mmea wa asili wa nchi yetu. Ua peke yake linatosha kuutambulisha: sehemu ya juu, iliyo karibu na kikonyo, ina nyuzi ndefu za rangi ya waridi au zambarau mpauko, na hayo ni maua yasiyozaa, sehemu ya chini ni ya njano, na humo ndimo mbegu hutungwa. Ua la mgunga huwa la rangi moja.

Kwa kuwa maua ni ya msimu, ni vyema kuuzoea mwiba. Migunga mingi huwa na miiba miwili miwili inayotokea pale jani linapoanzia, ilhali mwiba wa mkulagembe ni kitawi kifupi kilichochongoka nchani, na ukiutazama kwa karibu mara nyingi utakuta majani yameota juu ya mwiba wenyewe. Maganda nayo hujisokota na kushikamana kwa vichala vya rangi ya kahawia.

Mahali ulipouona panathibitisha jambo hili, kwani mkulagembe hupenda mashamba yaliyoachwa, malisho yaliyochoka na kingo za barabara. Huko Cuba, ulikopelekwa kutoka nje, umefunika maeneo makubwa ya ardhi ya kilimo.

Kuukata tu hakutaumaliza, maana mizizi iliyojeruhiwa huchipua upya na kichaka huzidi kusongamana. Ni lazima kung'oa mizizi na kuyafuatilia machipukizi. Iliyo michache pembeni mwa shamba ningeshauri iachwe, kwani kuni zake ni nzuri na mbuzi hula maganda yake wakati wa kiangazi. Hata hivyo, mbegu hupita tumboni zikiwa hai, hivyo samadi ya zizi la mbuzi hao isipelekwe shambani ikiwa mbichi.