Shangazi, kiwimbi cha jina la mwanangu kimeenda wapi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko Marekani, mume wangu ni Mmexico na ukoo wao ni Peña, hio n ina kiwimbi juu. Tumepata mtoto wa kiume, fomu tukajaza vizuri kabisa, cheti kimekuja PENA. Nikapiga simu karani ananiambia sistimu yao haipokei alama. Mume wangu kaumia sana. Sasa baba na mtoto wana majina tofauti? Na tukisafiri si tutakwama?

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera kwa mtoto. Mumeo ana haki ya kuumia. Kwa Kispania ñ ni herufi kamili, ina nafasi yake kwenye alfabeti baada ya n, sio n iliyopambwa. Peña ni jabali, ukitoa kiwimbi inabaki pena, yani huzuni. Nani anataka kufungua cheti cha mwanae akute ameandikwa Huzuni?

Safari isikutoe jasho. Paspoti ya Marekani na kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii) zote huandikwa bila alama, kwa hio vya mtoto vitafanana vyote. Ya baba hata ikiwa na Peña pale juu, tazama ile mistari ya chini yenye <<<<, hapo kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinaruhusu A mpaka Z na namba tu, na ñ inaweza kugeuzwa N au hata NXX, kwa hio mkikata tiketi nakilini ya pale chini herufi kwa herufi.

Karani hakukudanganya, ila sio kwamba haiwezekani. Msimbo wa ASCII wa 1963, ule wa kompyuta kuhifadhi herufi kwa namba, ulikuwa na nafasi 128 tu, hamna hata herufi moja yenye alama, na sistimu nyingi za ofisi zimejengwa juu ya hio. Unicode, msimbo mpya wa herufi za lugha nyingi, ipo tangu 1991 na ñ imo, shida inakuja sistimu mpya ikiongea na ya zamani unakuta mtu kageuka PeÃ±a. Pengine ni siasa kabisa. California wapigakura walifanya Kiingereza lugha rasmi 1986, ofisi ya vizazi ikatafsiri kwamba majina yaandikwe kwa herufi 26 tu, na 2017 bunge la jimbo likapitisha muswada wa kuruhusu alama, gavana Jerry Brown akaukataa kwa sababu ya gharama. Mimi sikubaliani naye hata kidogo, jina la mtu halipimwi hivyo. Mbona Ireland nako Kiingereza kimejaa lakini 2021 walipitisha sheria ofisi za umma ziandike majina ya Kiairishi na kile kimstari chao, manake Seán bila kimstari ni neno la kawaida la kitu kizee.

Sasa ufanye nini. Kabla hujalipa pesa ya kurekebisha cheti uliza ofisi ya vizazi ya jimbo lako, kila jimbo lina utaratibu wake. Halafu, na hili ndio muhimu, mtoto wa Mmexico anaweza kuandikishwa konsuleti ya Mexico, apate cheti cha Mexico chenye ñ yake. Mkifika huko, mumeo asisaini mpaka amesoma hilo jina la ukoo herufi kwa herufi.