Mtoto kachapwa fimbo tisa: anza na kitabu cha adhabu

Mleta mada, pole sana wewe na binti. Umesema amerudi nyumbani hapo Arusha mapaja yamevimba, mwalimu wa zamu (mwanaume) kamchapa fimbo tisa kwa kuchelewa shule asubuhi, na unauliza kama sheria inaruhusu. Hairuhusu.

Mimi yalinikuta Moshi, mwanangu akiwa kidato cha pili. Tulikuwa tunakaa Pasua, asubuhi hiyo mvua, daladala zimejaa, akafika amechelewa, mwalimu akamchapa. Jioni alikula chakula akiwa amesimama. Nilitaka kupambazuke tu nikamkunje yule mwalimu shati. Kaka yangu, mwalimu mstaafu, akanizuia: "Usiende na ngumi. Nenda kaombe kitabu."

Nilikuwa sijui kuna kitabu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zinasema fimbo zisizidi nne. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa ruhusa na mkuu kwa maandishi. Kosa liwe zito, na adhabu ilingane na umri, jinsia na afya ya mtoto. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, labda kama shule haina hata mmoja. Halafu kila adhabu iandikwe kitabuni: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya fimbo, aliyechapa, na mkuu asaini.

Sasa pima kisa cha binti yako. Fimbo tisa, mwalimu wa kiume, kosa la kuchelewa.

Nilimwomba mkuu kitabu hicho kwa adabu. Alitafuta kabatini muda mrefu, akatoa daftari ambalo adhabu ya mwisho iliandikwa miezi saba nyuma. Miezi saba, na fimbo zilikuwa zinapigwa kila asubuhi getini! Alinyamaza, kisha akamwita yule mwalimu mbele yangu. Ruhusa ya maandishi hakuwa nayo. Waliniomba radhi, na kuanzia wiki ile fimbo za getini zikakoma.

Nilipokosea ni hospitali. Sikumpeleka. Nilipotaka kulifikisha jambo kwa afisa elimu, alama zilikuwa zimefutika na sikuwa na karatasi yoyote mkononi. Inaniuma mpaka leo. Kwa hiyo wewe leo hii pitia polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, uchukue PF3 (fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali), daktari amwone binti na aandike alichokiona. Piga picha. Kesho ndiyo uende shule, na mama yake awepo. Wakikuzungusha, nenda kwa afisa elimu kata, kisha wilaya. Namba 116 ya kusaidia watoto ni bure.

Wachangiaji wanaosema "sisi tulichapwa na tukawa watu", nawaelewa, hata mimi nilichapwa. Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza adhabu ya kikatili kwa mtoto, na mapaja yaliyovimba hayana jina lingine. Mimi ningependa fimbo iondoke kabisa shuleni. Maadamu kanuni bado inairuhusu, basi kila fimbo iandikwe na mtu aisaini.

Binti usimhamishe shule kwanza. Mwanangu alinisihi nisimhamishe, marafiki zake wote walikuwa pale, na alimalizia palepale.