Ukiagiza sime kwa mhunzi, ulizia moto kabla ya bei

Sime iliyotundikwa kwenye duka la vinyago Arusha na ile aliyojifunga kiunoni mlinzi wa Kimasai zinaweza kufanana kwa kila kitu: umbo, ngozi nyekundu ya ala, hata kung'aa. Moja imekatwa kwa grenda kutoka kwenye chuma laini cha kuchomelea mageti, na ukiipiga kwenye ukuni mkavu makali yanajikunja. Nyingine imefuliwa kwa springi ya gari, ikazamishwa kwenye oili ikiwa nyekundu, kisha ikapashwa tena polepole. Ukizitazama ukutani huwezi kuzitofautisha. Ndiyo maana mimi sinunui ya kutundikwa, naagiza kwa mhunzi. Ndugu na marafiki walioko nje wakitaka niwatafutie, nawaambia hivyo hivyo: subiri ifuliwe.

Wahunzi bado wapo. Mamba, jirani na Marangu kule Kilimanjaro, kuna familia zinazofua chuma tangu enzi za mababu. Zamani chuma chenyewe kilitoka Upare, kikafuliwa Uchaggani kuwa mikuki na sime, kisha Wamasai wakaja kununua. Wamasai nao wana wahunzi wao, il-kunono, ambao jamii iliwatenga; mtu akinunua silaha kwao, ilikuwa desturi ajipake mafuta mikononi kwanza ndipo aishike. (Mimi nadhani ni dhuluma ya ajabu, kumtenga mtu ambaye bila yeye huna hata kisu cha kuchinjia mbuzi.) Mjini mafundi chuma wamejaa, lakini ulizia vizuri. Wengi kazi yao ni kukata na kuchomelea, na kufua ni ufundi mwingine kabisa.

Ukifika, usianze na bei. Toa shikamoo, omba kukaa, tazama kazi inayoendelea. Utaona kibanda kina giza hata saa sita mchana, na mgeni hudhani ni umaskini tu. Fundi anasoma rangi ya chuma, na jua kali lingemfanya aone chuma ni cheusi wakati tayari kimeiva. Angalia kama anakitoa motoni kikiwa chekundu sawasawa kuanzia ncha hadi shina, au kama ncha inawaka nyeupe na kumwaga cheche huku katikati bado kumelala. Chuma kinachomwaga cheche kikiwa motoni kinaungua, na kikiungua hakirudi.

Baada ya hapo ndipo yaje maswali, na la kwanza ni chuma kimetoka wapi. Jibu ninalopenda kulisikia ni springi ya gari, ile ya majani yanayopangwa chini ya Land Rover au lori. Ina kaboni ya kutosha kuwa ngumu, na ilitengenezwa tangu mwanzo ipinde na kurudi. Kasoro yake ni kwamba springi iliyochoka barabarani inaweza kuwa na ufa mdogo usioonekana kwa jicho, kwa hiyo muulize kama huwa anaikagua kabla ya kuikata. Tupa kuukuu nayo ni chuma kikali sana, lakini kwangu hiyo ni ya kisu kifupi. Kwenye kitu kirefu kama sime inahitaji mkono wa hodari kweli, la sivyo itavunjika kama kigae. Nondo achana nazo. Ukiwa na shaka, omba kipande kiguswe kwenye jiwe la kunolea la umeme. Chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche fupi zinazopasuka kwa matawi mengi, na chuma laini hutoa mistari mirefu iliyonyooka.

Swali la pili ndilo lenye sime yenyewe ndani yake. Mimi huliuliza kwa upole, kwa sababu ni kama kumuuliza mpishi siri ya pilau yake.

"Mzee, ikishaiva unaipoza kwa maji au oili?"

"Oili chafu, mwanangu. Maji yataipasua."

"Na baada ya hapo?"

Hapo kwenye "baada ya hapo" nyamaza umsikilize. Chuma cha springi kikitolewa kwenye moto wa nyuzi 800 na kitu na kuzamishwa, kinakuwa kigumu mno na hapo hapo dhaifu. Ukikidondosha sakafuni kinaweza kukatika. Lazima kirudishwe kwenye joto dogo ili kilegee kiasi. Fundi anayejua kazi atakuambia kwamba anakisugua kwanza kiwe cheupe, kisha anakipasha taratibu huku akitazama rangi ikitembea juu yake: manjano ya nyasi kavu, kahawia, zambarau, halafu bluu. Kwenye manjano, makali yanakuwa magumu sana. Kwenye bluu, karibu na nyuzi 300, chuma kinapinda na kurudi. Mmoja atakuambia anasimamia kwenye kahawia, mwingine anapenda bluu ifike mgongoni huku makali yakibaki manjano. Wote wawili ni mafundi. Anayesema "nikishazamisha imekwisha" mshukuru, nunua mundu wa kukatia majani ya ng'ombe ili asijisikie vibaya, ondoka.

Kuhusu umbo, maneno hayatoshi. "Ndefu kidogo" ya kwako siyo ya kwake. Chukua boksi, chora sime kwa ukubwa wake halisi, ikate, mpe aishike mkononi. Sime ya asili ni nyembamba karibu na mpini, inatanuka kuelekea ncha, na ina mgongo unaopita katikati pande zote mbili. Uzito unakwenda mbele, ndiyo maana inakata vizuri ingawa ni fupi. Akikuambia mchoro wako hautafaa, msikilize. Wateja wengi huomba bapa nene wakidhani ndio uimara, wanapewa kitu kizito kinachochosha mkono.

Kisha msuka. Ile sehemu inayoingia ndani ya mpini hakuna anayeiona kazi ikishamalizika, na ndiyo inayoumiza watu. Iwe imefuliwa pamoja na bapa, kipande kimoja, isiwe fimbo ya nondo iliyochomelewa. Pale msuka unapokutana na bapa pawe na mviringo kidogo, pasiwe na kona kali, kwa sababu ufa huanzia kwenye kona. Ukiagiza kwa simu, sharti langu ni moja: picha ya bapa tupu kabla ya kuvalishwa mpini. Fundi asiyetaka kuituma ana sababu.

Pesa ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Toa arubuni, mimi hutoa nusu, kwa sababu springi na makaa havinunuliwi kwa ahadi. Mkubaliane mapema, mbele ya shahidi au kwa ujumbe wa simu, itakuwaje ikipinda na itakuwaje ikikatika. Usiagize wakati wa kuandaa mashamba, kabla ya masika. Majembe ya wakulima yatapangwa mbele ya sime yako, na ndivyo inavyotakiwa. Na usipunguze bei mpaka fundi akaona bora aruke hatua. Hatua atakayoiruka ni ile ya kupasha mara ya pili, maana ndiyo isiyoonekana.

Siku ya kuipokea, usishangae ngozi ya ala. Ivute, iweke usawa wa jicho, tazama toka mpini hadi ncha kama imenyooka. Pitisha tupa kwenye makali kwa wepesi: ikiteleza, chuma kimeshika ugumu, ikila kama inakula msumari, kimebaki laini. Bonyeza ncha kwenye ubao, ipinde kidogo, iachie. Inapaswa kurudi ilikokuwa. Kama kuna mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, omba ruhusa uufyeke, lakini ujue kipimo hicho kinakuonyesha umbo na wembe tu. Ugumu utauona kwenye mti mkavu, kisha uangalie makali kwenye mwanga kama yamepata meno. Futa utomvu hapo hapo, maana chuma hiki si cha kijiko cha mezani. Utomvu wa mgomba unakiachia weusi kabla hujafika nyumbani.

Ala nayo ina hatari yake. Sime ina makali pande zote mbili, na ala nyingi ni mbao mbili zilizovikwa ngozi. Ukiikumbatia ala kwa kiganja kizima huku unavuta, siku mshono ukiachia, makali yatatokea kwenye vidole. Shika juu, karibu na mdomo wa ala, vidole vikiwa ubavuni. Usihifadhi sime ndani ya ala miezi na miezi pia, ngozi inavuta unyevu na kutu itaanza usipopaona. Ipake mafuta ya mashine, ifunge kitambaa, ala ikae pembeni.

Kwa walioko nje: kwenye ndege sime inakwenda na mizigo ya chini tu, ikiwa imefungwa vizuri ili mkaguzi asijikate. Uingereza tangu 2008 imekataza panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 na zaidi, ila ikaruhusu zilizotengenezwa kwa mikono kwa njia za jadi, na 2025 ikakataza aina fulani za panga zilizonyooka. Sime haijapinda, lakini afisa wa forodha hajui sime ni nini. Mwombe fundi akuandikie karatasi yenye tarehe, urefu na namna alivyoifua, na upige picha ya bapa likiwa bado jekundu kwenye koleo. Iweke karatasi hiyo kwenye mzigo pamoja na sime, na nakala yake ubaki nayo kwenye simu.