Mwendo wa duara: mshale wa pili nani anavuta?

Nilipokuwa kidato cha tano nilichora Dunia, nikachora setilaiti, halafu nikaweka mishale miwili ielekee katikati. Mmoja nikauandika uvutano, wa pili kani ya kuelekea kitovuni. Mwalimu aliuzungushia wa pili kalamu nyekundu akauliza, "Huu nani anavuta?" Sikuwa na jibu. Siku hizi nafundisha tuisheni, na mchoro ule ule unarudi mezani kwangu kila mwaka kwa mwandiko mwingine.

Kani ya kuelekea kitovuni ni jina la kazi, kama "golikipa". Anayeifanya hubadilika. Ukizungusha jiwe kwa kamba, kamba ndiyo inayovuta. Bodaboda ikikata kona, ni msuguano wa tairi na lami (mwaga mchanga hapo uone). Kwa setilaiti ni uvutano wa Dunia, basi. Ndiyo maana tunaandika GMm/r² = mv²/r (G ni namba isiyobadilika ya uvutano, M masi ya Dunia, m masi ya setilaiti, r umbali wake kutoka katikati ya Dunia, v kasi yake): kushoto yupo mfanyakazi, kulia kazi inayotakiwa. Mshale unabaki mmoja.

Lakini kabla ya kukariri hiyo, kaa kidogo na suala la kuanguka. Jiwe ukiliachia, sekunde ya kwanza linashuka mita 4.9. Dunia nayo ni mviringo: ukienda kilomita 8 kwa mstari ulionyooka kabisa, uso wake unakuwa umeinama chini yako kwa mita 5 hivi. Sasa chukulia hakuna hewa, na jiwe umelirusha mlalo kwa kasi ya karibu kilomita 8 kwa sekunde. Linashuka mita 5, ardhi nayo imekwepa mita 5. Sekunde inayofuata, vilevile. Linaanguka siku nzima na chini halifiki. Nilipoielewa hii, nusu ya mada ilikuwa imekwisha.

Hapo hata ile kauli ya "angani hakuna uvutano" inakufa yenyewe. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko juu kama kilomita 400, na g ya huko, yaani mchapuko unaoletwa na uvutano, ni karibu 8.7 m/s²; hapa chini ni 9.8. Wanaanga wanaelea kwa sababu wao na kituo wanaanguka pamoja. Ukipata g ya ajabu, kubwa kupita kiasi, angalia r yako: umeweka 400 badala ya 6,771. Umbali unapimwa kutoka katikati ya Dunia! Kosa hili limekula alama nyingi kuliko hesabu ngumu zote ninazozijua.

Kadiri unavyopanda, kasi inapungua. Kituo kile kinakwenda kilomita 7.7 kwa sekunde na kumaliza mzunguko kwa dakika 92 hivi. Setilaiti za televisheni, kilomita 35,786 juu ya ikweta, zinakwenda kama 3.1 tu, zikizunguka sambamba na Dunia; kwa hiyo fundi wa dishi analielekeza mara moja na kushuka ngazi.

Leo jioni jaribu hesabu aliyoifanya Newton. Mwezi uko mbali mara 60 ya nusu kipenyo cha Dunia, kwa hiyo gawa 9.8 (g ya hapa chini) kwa 60², yaani 3,600. Kisha tafuta v²/r ya Mwezi ukitumia kilomita 384,400 na siku 27.3. Zote mbili zinapaswa kukupa 0.0027 m/s². Zisipolingana, rudi uangalie kama siku ulizigeuza kuwa sekunde, na kilomita kuwa mita.