Maswali ya Wasomaji: Deni la Kimea, Chapa ya Gumbani na Jela ya Wadaiwa

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha fasihi katika shule ya sekondari, na mwanafunzi wangu mmoja ameniuliza jambo lililonishinda. Amesoma mahali kwamba William Shakespeare, pamoja na sifa zote alizokuwa nazo London, alimshtaki jirani yake kwa shilingi 35 na peni 10 tu. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mtu huyu alikuwa bahili, au mahakama za Uingereza za wakati ule zilikuwa na kazi gani hasa? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Ni kweli, Mwalimu, na kumbukumbu za shauri hilo zimehifadhiwa. Kati ya Machi na mwisho wa Mei 1604, nyumba ya Shakespeare katika mji wa Stratford-upon-Avon ilimuuzia Philip Rogers, muuza dawa wa mji huohuo, busheli 20 (busheli ni kipimo cha nafaka) za kimea kwa mafungu. Mwezi Juni, Rogers akakopa tena shilingi 2 taslimu. Baadaye akalipa shilingi 6, kisha akanyamaza. Mdai akaenda mahakamani kudai kilichobaki pamoja na shilingi 10 za fidia.

Kabla ya kumwita mtu bahili, tuitazame fedha yenyewe. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa peni 12. Wazee wa Kenya wanaoita shilingi 20 «pauni» wameihifadhi hesabu hiyo hadi leo. Kibarua wa shambani wa wakati ule alipata kama peni 8 kwa siku, kwa hiyo deni la Rogers lilikuwa ujira wa siku zaidi ya 50. Si pesa ya kusamehe kwa kucheka.

Lakini hata deni lingekuwa dogo zaidi, kushtaki kusingekuwa jambo la ajabu. Sarafu zilikuwa chache sana, hasa zile ndogo za kununulia mkate na bia, na kwa sababu hiyo karibu kila mtu aliishi kwa kukopa na kukopesha: mwoka mikate alimdai mshona viatu, mshona viatu alimdai mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe alimdai mwoka mikate. Wengi hawakuandika chochote. Walioweza kuweka ushahidi walitumia kijiti: walikichonga mikato ya kuonyesha kiasi cha deni, wakakipasua kwa urefu kupitia katikati ya mikato hiyo, mdai akachukua nusu na mdaiwa akachukua nusu. Siku ya hesabu nusu mbili ziliwekwa pamoja, na mikato ikilingana, hakuna aliyeweza kusema deni limeongezwa au limepunguzwa. Waliobaki walitegemea neno la mdomo na mashahidi waliokuwapo.

Katika maisha ya namna hiyo mahakama ilikuwa mahali pa kusimamisha hesabu, na mashauri mengi yalimalizwa kwa mapatano kabla ya hukumu kutolewa. Nimeyasoma mashauri haya kwa miaka mingi, na ninaamini kwa dhati kwamba anayeyaona kuwa ugomvi mtupu ameyasoma vibaya. Mdai alikuwa akimwambia jirani yake, mbele ya watu wanaowafahamu wote wawili, kwamba muda wa kungoja umekwisha. Mwanzoni mwa karne ya 17 mahakama mbili kubwa za kifalme za Westminster zilikuwa na mashauri zaidi ya 20,000 kwa mwaka yaliyofika hatua za mbele, na mengi yalikuwa ya madeni. Chini yake zilikuwapo mahakama za miji na za mabwana-ardhi, zilizo karibu na watu. Ya bwana-ardhi haikuruhusiwa kusikiliza dai la kufikia shilingi 40, kiwango kilichokuwa kimebaki vilevile tangu karne ya 13. Ya mji wa Stratford, iliyotokana na hati ya kifalme ya 1553, ilikaa kila baada ya wiki mbili na ilisikiliza madai hadi pauni 30.

Shauri la pili la Shakespeare linaonyesha mwendo wa mahakama hiyo vizuri zaidi kuliko lile la kimea. Agosti 1608 alimdai John Addenbrooke pauni 6. Tarishi wa mahakama aliamriwa amkamate mdaiwa, na Addenbrooke akaachiwa kwa sababu mhunzi mmoja, Thomas Horneby, alijitokeza kumdhamini. Shauri likaletwa mbele ya jopo la wenyeji walioapishwa, na Shakespeare akashinda: pauni 6, na juu yake shilingi 24 za gharama na fidia. Amri ya kumkamata mdaiwa ikatolewa upya, tarishi akazunguka, akarudi na jibu kwamba mtu huyo haonekani mjini. Basi Juni 1609 mdai akamgeukia mhunzi. Huyo ndiye mtu ninayemfikiria kila ninapolisoma shauri hili, kwa maana hakukopa hata peni moja. Alitoa jina lake tu kwa ajili ya mwenzake, na jina likageuka deni.

Kulikuwa pia na njia ya kukwepa deni kwa kula yamini. Mdaiwa wa deni lisilo na hati aliweza kuweka mkono juu ya Injili na kuapa kwamba hadaiwi kitu, akifuatwa na watu 11 (katika mahakama za vijijini mara nyingi wachache zaidi) walioapa kwamba wanakiamini kiapo chake. Wakiapa wote, shauri limekwisha na mdai ameondoka mikono mitupu. Katika kijiji ambamo mtu mwenye sifa mbaya asingewapata watu 11 wa kuhatarisha roho zao kwa ajili yake, utaratibu huo ulikuwa na busara yake. Mbele ya majaji wa Westminster, ambako hakuna aliyemjua mtu yeyote, ulikuwa mlango wa wadanganyifu. Mlango huo ulianza kufungwa na shauri la John Slade dhidi ya Humphrey Morley, lililohusu pauni 16 za ngano na shayiri nyeusi huko Devon. Mwanasheria Edward Coke alimtetea mdai, mwanasheria mwenzake Francis Bacon akamtetea mdaiwa, na mwaka 1602 ikaamuliwa kwamba mdai anaweza kushtaki kwa msingi wa ahadi iliyovunjwa, na suala likaamuliwa na jopo badala ya yamini ya mdaiwa.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Waingereza wa enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza walimnyonga mtu kwa kuiba kitu cha shilingi moja, lakini aliyejua kusoma aliachwa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kwa maandishi ya sheria, ndiyo, ila tuanzie chini, kwenye makosa ambayo watu wengi waliyaona kwa macho yao. Mwaka 1552 baba yake Shakespeare, John, alitozwa faini ya shilingi moja pamoja na majirani wawili kwa kurundika samadi katika mtaa wa Henley badala ya kuipeleka jaani. Makosa ya aina hiyo, pamoja na nguruwe wanaozurura, mitaro iliyoziba na bia isiyo na ubora, yaliletwa na wenyeji wenyewe mbele ya mahakama ya mtaani, na kiasi cha faini kilipangwa na wenyeji wenzao walioapishwa kwa kazi hiyo. John huyohuyo alikuwa mwonja bia, yaani mkaguzi wa ubora wake, mwaka 1556, konstebo mwaka 1558, na mwaka 1559 akawa mmoja wa wapanga faini. Mwaka 1568 akawa mkuu wa mji. Konstebo hakuwa na mshahara wala sare. Alikuwa mtu wa mtaani aliyeshikwa na zamu, na mwaka uliofuata alirudi kuwa jirani wa wale aliowakamata.

Wizi ulikuwa jambo jingine. Tangu karne ya 13 mali yenye thamani ya kuzidi peni 12 ilimpeleka mwizi kwenye kamba, na mali isiyozidi hapo ilimpeleka kwenye mijeledi. Bei za vitu zilipanda kwa karne kadhaa lakini kiwango hakikupanda, hadi ikawa koti kuukuu linatosha kumnyonga mtu. Hapo ndipo majopo yalipoingia kati. Kumbukumbu za mahakama zimejaa nguo, kondoo na vyombo ambavyo jopo liliapa kwamba thamani yake ni peni 10 au 11, ingawa kila aliyekuwamo ndani ya chumba alijua kwamba kitu hicho hakiuzwi kwa bei hiyo. Waliapa uongo ili mtu aishi, na sina neno la kuwalaumu.

Kuhusu kusoma, kinga hiyo hapo awali ilikuwa ya makasisi, ambao hawakupaswa kuhukumiwa kifo na mahakama za kifalme. Kwa kuwa kasisi alitambuliwa kwa kujua kusoma, mlei aliyeweza kusoma aliidai pia. Mtuhumiwa alipewa kitabu na kuoneshwa mstari wa kwanza wa Zaburi ya 51, ule unaosema «Ee Mungu, unirehemu», na akiusoma aliokoka kamba. Kwa sababu mara nyingi ulikuwa mstari uleule, wapo waliouhifadhi kwa moyo bila kujua herufi hata moja. Mlei aliruhusiwa kuitumia kinga hii mara moja tu, na ili asiidai tena, sheria ya 1489 iliagiza achomwe chapa kwenye kidole gumba: herufi M kwa muuaji, T kwa mwizi. Mwandishi wa tamthilia Ben Jonson alimuua mwigizaji Gabriel Spencer kwa upanga mwaka 1598, akakiri, akasoma, akachomwa chapa na kuachiwa, ila mali yake ilitwaliwa.

Swali lako, ndugu msomaji, lina uchungu ndani yake, na uchungu huo ni wa haki, kwa maana rehema hizi hazikugawiwa sawa. Mwanamke, hata angejua kusoma kuliko kasisi, hakuwa na kinga hiyo hadi miaka ya 1620, na hapo aliipata kwa wizi wa chini ya shilingi 10 tu; usawa na wanaume ulingoja hadi 1691. Kabla ya hapo tegemeo lake lilikuwa kusema kwamba ana mimba, ambapo jopo la wanawake lilimpima, na adhabu ikaahirishwa hadi ajifungue.

Walioumia zaidi walikuwa wasio na kwao. Mwenyeji aliyekamatwa aliweza kupata mtu wa kusema «namjua, baba yake alikuwa mtu mwema». Mzururaji aliyefukuzwa na njaa kutoka wilaya nyingine hakuwa na wa kumsemea. Sheria ya 1531 iliagiza afungwe uchi nyuma ya mkokoteni na kupigwa mijeledi sokoni hadi mwili utoke damu. Ile ya 1572 iliongeza kutoboa gegedu la sikio la kulia kwa chuma cha moto. Kosa lake lilikuwa kukosa kazi na kukosa bwana. Mikatale iliyosimamishwa katika vijiji, ambamo mlevi wa mtaani alikaa saa chache miguu imebanwa huku jamaa zake wakimletea maji, haikuwa adhabu ileile kwa mgeni ambaye hakuna aliyeona haya kumrushia taka.

SWALI: Huku kwetu mdaiwa aliyeshindwa shauri anaweza kupelekwa jela ya madai. Je, tumeurithi utaratibu huu kwa Waingereza hao? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndiyo, ulitufikia kupitia sheria za Uingereza zilizotungwa kwa ajili ya India na kuletwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Uingereza yenyewe ilipunguza sana kifungo cha deni mwaka 1869. Tofauti moja kubwa ni chakula: kwa sheria za Kenya na Tanzania, mdai anayetaka mdaiwa wake afungwe hutakiwa kulipia posho yake, ilhali katika Uingereza ya karne ya 16 na 17 mfungwa wa deni alijilipia mwenyewe kitanda, mkate, na hata ada ya mlinzi wa jela aliyemfungia mlango. Asiye na kitu alinyoosha mkono kupitia nondo za dirisha la barabarani akiomba wapita njia. Tena aliweza kukamatwa kabla ya hukumu, kwa neno la mdai tu, akakaa humo hadi apate mdhamini. Kifungo hakikufuta deni hata kidogo. Kilikusudiwa kuwabana jamaa zake walilipe.

Hofu ya kukamatwa iliwafikia hata waliokuwa wakuu. Yule John Shakespeare aliyepanda kutoka faini ya samadi hadi ukuu wa mji alifilisika baadaye. Mwaka 1592 orodha ya watu wa Stratford wasiohudhuria ibada iliandikwa kwa serikali, na jina lake limo pamoja na wengine wanane waliosemekana kuwa hawaji kanisani kwa kuogopa kukamatwa kwa ajili ya madeni. Sheria iliyokataza kumkamata mdaiwa siku ya Jumapili ilipitishwa mwaka 1677, na yeye alikuwa amefariki tangu 1601.