Rast kwenye Sakhr: weka PLAY kando, shika SOUND

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Marehemu baba alituachia kompyuta yake ya Sakhr AX-170, na mpaka leo inawaka vizuri. Nimejifunza kidogo BASIC, lugha ya kuiamrisha kompyuta, na kwa amri ya PLAY ninapiga nyimbo za watoto bila taabu. Lakini nikijaribu bashraf (wimbo wa ala tupu) ya maqam rast, moja ya ngazi za muziki wa Kiarabu, aliyoipenda sana baba, inatoka kama kinanda cha Kizungu. Noti ya tatu haikai kabisa. Kosa ni langu au ni la mashine? – Msomaji, Ruwi, Muscat.

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu baba. Sikio lako halikudanganyi. Wewe huna kosa, wala chipu ya sauti ya mashine haina. Tatizo ni hiyo PLAY.

Amri hiyo imeigawa oktavu, yaani toka C hadi C ya juu yake, mafungu 12 yaliyo sawa. Pandisha noti kwa alama ya +, ishushe kwa -, au itaje kwa namba ukitumia N. Kote huko utaangukia kwenye moja ya zile 12. Rast inayoanzia C inataka E iliyo baina ya E na E bemoli (E iliyoshushwa nusu toni), na B ya namna hiyo hiyo. Mimi ni mpiga fidla. Kwetu kidole kinasogea kidogo tu na noti imepatikana. PLAY haina pa kusogea.

Chini yake, hata hivyo, kuna amri ya SOUND, inayosema na chipu moja kwa moja. Sakhr ni kompyuta ya jamii ya MSX, mpango wa pamoja wa kuunda kompyuta za nyumbani uliotangazwa Japani mwaka 1983. Kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait iliufuata mpango huo na kuongeza herufi za Kiarabu. Kwa hiyo sauti za mashine yako zinafuata chipu ya AY-3-8910, yenye sauti tatu, na chipu hiyo haijui C wala E. Inachotaka ni namba. Gawa 111,861 kwa mitetemo ya noti katika sekunde moja, utaipata. A ya 440 inakupa 254. C ya kati ni 428. E bemoli ni 360, E kamili ni 339, na ile tunayoitafuta iko 349. Ipo! Imekuwemo humo tangu mashine ilipotoka kiwandani, ila PLAY haikupi njia ya kuifikia.

Ukishaingia kwenye BASIC, andika hivi:

10 SOUND 7,190:SOUND 8,16:SOUND 11,0:SOUND 12,20
20 READ P,D:IF P<0 THEN SOUND 8,0:END
30 SOUND 0,P MOD 256:SOUND 1,INT(P/256):SOUND 13,0
40 TIME=0
50 IF TIME<D THEN 50
60 GOTO 20
70 DATA 428,25,381,25,349,25,320,25
80 DATA 285,25,254,25,233,25,214,50,-1,0

Andika RUN. Utasikia ngazi ya rast kutoka C mpaka C ya juu, na nadhani hutahitaji kuambiwa ni ipi.

Rejista ni vijisanduku vya namba ndani ya chipu, na namba ya kwanza baada ya SOUND hutaja kipi. Rejista 0 na 1 zinabeba ile namba ya noti, imekatwa vipande viwili kwa sababu rejista moja haibebi zaidi ya 255. Rejista 7 inafungua sauti ya kwanza peke yake. Ninayoipenda ni 13: kila ukiiandikia, noti inaanza kwa nguvu kisha inafifia, kama waya uliokwanyuliwa wa kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Kasi ya kufifia iko kwenye rejista 12. Punguza ile 20 iwe 8, nayo itakatika upesi.

Muda wa noti unatokana na TIME. Mashine nyingine huihesabu mara 50 kwa sekunde, nyingine mara 60. Chukua saa, andika TIME=0, ngoja sekunde 10, kisha PRINT TIME. Ukiona karibu na 500, basi 25 ni nusu sekunde. Ukiona karibu na 600, weka 30 badala yake.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Hiyo 349 ni katikati kwa hesabu, na wapigaji hawakai katikati kwa hesabu. Katika rast wengi huiinua noti ya tatu kidogo, na Waturuki huiinua zaidi. Jaribu 347, kisha 345. Katika bayati, maqam nyingine, inayoanzia D, noti hiyo hiyo hushuka. Anza na 352. Keti na rekodi za zamani za Ikhwani Safaa, klabu ya Unguja iliyoanza mwaka 1905, fuata sauti ya kanuni inayopigwa humo, ubadilishe namba mpaka moyo uridhike. Kazi hii usiiachie kikokotoo.

Usipande juu sana. Hapo kwenye 349, kuongeza au kupunguza moja kunaisogeza noti kiasi cha sehemu 5 kati ya 100 za nusu toni. Oktavu mbili juu, namba imeshuka hadi 87 na kila hatua ni kama 20. Robo toni yenyewe ni 50, kwa hiyo utakuwa unapapasa.

Ukitaka C nzito iendelee chini ya wimbo, badilisha ile 190 iwe 188, kisha ongeza mstari huu:

15 SOUND 2,87:SOUND 3,3:SOUND 9,8

Kwenye mstari wa 20, kabla ya END, weka pia SOUND 9,0, la sivyo C hiyo haitanyamaza. Na kabla ya kuzima mashine, ihifadhi kazi yako kwenye kaseti kwa CSAVE"RAST".